Maganda Kumi na Moja

Mwanaume aliyeinama mbele ya meza ya panya waliokaushwa, Jumamosi saa nne asubuhi katika soko la Kalemie, alikuwa na rula ya mwanafunzi mkononi, na alikuwa akipima mikia.

Hakuwa kichaa. Shati lake la kaki lilikuwa limepigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama, na buti zake, ingawa zilijaa udongo mwekundu, zilikuwa zimefungwa kamba kwa adabu. Panya walipangwa watano watano kwenye kijiti, kama wanafunzi kwenye benchi. Alimshika wa kwanza, akamnyoosha mkia, akaandika kwenye kidaftari, akahamia kwa jirani yake.

"Papa," muuzaji akamwambia, "unataka kumushonea suruali?"

Meza zote za karibu zikacheka, kuanzia muhogo hadi dagaa. Mwanaume hakucheka.

"Natafuta mumoja mwenye mustari mweusi mugongoni, Mama."

"Mustari uliungua kwenye moshi. Nunua ao ondoka. Watu watasema panya wangu wako na ugonjwa."

"Mama, basi muuzie kwa meta," sauti ikasema nyuma yake, "kama kitenge."

Aliyesema alikuwa msichana mrefu, kitenge cha kijani kimemkaa kiunoni kama kilizaliwa naye, kilemba cha rangi hiyohiyo, kikapu cha nyanya mkononi. Shingoni, mahali wenzake huvaa mkufu, alivaa darubini. Mwanaume aliiona kwanza darubini, kisha nyanya, kisha uso, na alipofika kwenye uso akasahau mkia uliokuwa mkononi.

"Ni wewe wa ndege," akasema.

"Na njo wewe wa panya. Papa Cyrille aliniambia nitakutambua. Sikujua nitakutambua hivi."

Msichana aliitwa Evodie. Mwanaume aliitwa Jovial. Wazazi wake walimpa jina hilo, ambalo kwa Kifaransa ni mtu wa kucheka, siku ya ubatizo, na tangu siku ile hakuwahi kulitumia.

*

Kazi yao ilikuwa hivi. Biro, yaani ofisi, ya Papa Cyrille, nyuma ya barabara ya bandari, ililinda msitu mmoja mdogo juu ya vilima vya kaskazini, ukipita Kabimba. Msituni humo kuna ndege mwenye koo la njano, mwepesi kuliko barua, ambaye wamebaki wachache sana. Mizizini mwa miti hiyohiyo kuna panya mwenye mstari mweusi mgongoni, ambaye wamebaki wachache zaidi, ila hakuna aliyesikitika. Wote wawili wana majina marefu ya Kilatini, nami nitawahurumia wasomaji. Wafadhili walitaka kujua nani yuko hatarini zaidi. Basi Evodie akapewa ndege, Jovial akapewa panya, na wote wawili wakapewa jedwali moja la kujaza kwa miezi sita, kushoto ndege, kulia panya.

Mapenzi mengine huanzia kwenye muziki. Haya yalianzia kwenye safu ya pili, palipoandikwa Chakula.

"Wadudu," Evodie alisema, wamekaa kwenye ukuta wa biro wakitafuna karanga. "Safi, wa kijani. Wako anakula nini?"

"Kila kitu."

"Andika basi. Mulafi."

"Anakula kila kitu kwa sababu hakuna anayemutilia chakula. Ndege wako akifa, watu wanaimba. Panya wangu akifa, watu wanatafuta chumvi."

Evodie akacheka mpaka karanga ikampalia. Jovial akampiga mgongoni, mara tatu zilizohitajika na mara ya nne isiyohitajika. Mkono ukasahau kuondoka.

Kilimani, rezo ya simu ilipatikana juu ya jiwe moja tu. Wiki ambazo Evodie alibaki mjini, Jovial alipanda jiwe lile kila saa kumi na moja jioni, buti zimelowa.

"Allô, ndege."

"Allô, panya wangu. Umekula?"

"Muhogo."

"Na nani?"

"Na mafundi wawili wa kutega mitego, mumoja anakoroma kukiwa bado muchana. Umevaa nini?"

"Ile kitenge ya kijani."

"Usiivae."

"Kwa nini?"

"Mimi siko huko."

Kwa mtu asiyesema, hayo yalikuwa mashairi. Evodie aliyabeba siku nzima, akiyatoa na kuyarudisha kama pipi ya kunyonya polepole.

Lakini mwezi wa pili kitu kikabadilika. Evodie alipanda kilimani kuhesabu viota, akakuta viota vitupu. Kimoja, vitatu, vitano. Alikaa chini ya mti katikati ya mvua, akalia kama mtu aliyefiwa, Jovial amesimama juu yake na mwavuli bila neno. Tangu siku hiyo simu za saa kumi na moja zikawa fupi. "Umekula? Sawa. Kesho." Mara nyingine hakuna kesho. Evodie akaanza kulala na simu chini ya shavu. Alijiuliza kama kuna mwanamke Kabimba. Alijiuliza kama kuna homa. Mtu anayempenda msemaji huogopa maneno, lakini anayempenda mtu wa kimya huogopa kila kitu.

*

Kopo aliliona Jumatano, siku moja kabla ya jedwali kukabidhiwa.

Walikuwa wakimalizia kazi uani kwa Mama Émérence, shangazi aliyemlea Evodie, mfugaji wa kuku ambaye mayai yake nusu ya mtaa iliyajua kwa jina. Jovial alitoka kununua mandazi. Simu ya Evodie ikaishiwa moto, akaingiza mkono kwenye mfuko aliouacha Jovial kutafuta shaja, akatoa kopo la maziwa ya unga lenye kifuniko cha kitambaa.

Ndani, juu ya karatasi iliyokunjwa mara nne, kulikuwa na maganda ya mayai. Madogo kama kucha ya kidole gumba, meupe yenye madoa ya kahawia. Evodie hakuhitaji darubini. Aliyahesabu, kumi na moja. Kila ganda lilikuwa na alama za meno pembeni, mistari miwili miwili, meno ambayo Jovial mwenyewe alimfundisha kuyatambua.

Jovial akarudi na mandazi ya moto ndani ya gazeti. Akaona kopo. Akasimama.

"Haya umeyatoa wapi?"

Kuku alipita kati yao.

"Jovial. Nimekuuliza."

"Kwenye mashimo."

"Mashimo ya nani?"

"Unajua ya nani."

"Tangu lini?"

"Mwezi wa pili."

Evodie aliweka kopo juu ya kiti polepole, kama kwamba bado lilikuwa na mayai mazima.

"Mwezi wa pili nilikuwa chini ya ule muti nalia. Wewe ulikuwa unanishikia mwavuli."

"Ndiyo."

"Ulikuwa unajua nani alivikula vile viota."

"Ningesema, Papa Cyrille angepandisha sumu. Iko kwenye depo tangu zamani, anangojea sababu. Hata wiki moja haiishi, wale panya hawako tena. Duniani, Evodie. Siyo Kalemie tu."

"Sikuuliza Papa Cyrille angefanya nini. Mimi, ungeniambia mimi."

"Wewe ungeandika."

Hilo ndilo lililokata. Lilikuwa kweli, na hakuna linalouma kama kweli iliyosemwa na mtu anayesema mara moja kwa wiki. Evodie akachukua mandazi mkononi mwa Jovial, akawapa kuku, na kumwonyesha mlango.

*

Alhamisi asubuhi Evodie alijaza safu ya mwisho ya jedwali. Iliandikwa Maadui. Upande wa ndege akaandika neno moja, panya.

Papa Cyrille alilisoma amesimama. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amewahesabu ndege wale miaka minane, na kila mwaka namba ilishuka.

"Nilijua," akasema kwa uchovu. "Boti ya sumu itaondoka kesho saa tatu. Jovial anajua mashimo, atawaonyesha."

"Jovial, Papa?"

"Ni kazi yake. Akikataa, kazi haiko tena."

Siku nzima simu ya Evodie ililia. Jovial. Jovial. Mara saba. Alipofumba macho aliona panya mdogo mwenye mstari akitoka shimoni, anakuta chakula kizuri mlangoni, anafurahi. Alipofumbua, aliona viota vitupu. Hakukuwa na upande wa kulalia.

"Hiyo simu inalia kama kifaranga aliyepotea," Mama Émérence akasema akichagua mchele. "Ijibu ao iue."

"Tantine, alinidanganya."

"Alisema uongo?"

"Alinyamaza."

"Ah. Huyo kunyamaza ni lugha yake ya mama."

Evodie hakucheka. Akazima simu.

*

Ijumaa, saa mbili asubuhi, Mama Émérence alikuwa akiwatupia kuku mahindi huku wingu zito likija kutoka ziwani. Evodie alikaa kwenye kiti kifupi, kopo mapajani, amevaa nguo za jana. Saa moja imebaki.

Shangazi alipita na sahani, akatupia jicho ndani ya kopo, akarudi nyuma hatua mbili.

"Nani anafuga vifaranga vidogo hivi?"

"Siyo vifaranga, Tantine. Ni mayai ya ndege wangu. Panya waliyakula."

"Waliyakula wapi?" Mama Émérence alichukua ganda moja, akalishika kati ya vidole vilivyozoea kushika mayai kabla ya jua miaka thelathini. "Hili halikuliwa. Hili limeanguliwa."

Evodie akanyanyua kichwa.

"Tazama. Limekatwa mviringo, kama kofia, upande munene. Mutoto anazunguka ndani, anakata na mudomo wake, kofia inaanguka, anatoka. Tia kidole ndani. Kuna uteute?"

"Hakuna."

"Utando umekauka, mweupe, umekunjamana kwenye ukingo. Yai la kuliwa linatobolewa popote, na ute unagandia. Wiki jana kenge alikula yangu matatu, maganda yako pale kwenye takataka, nenda ukalinganishe. Mulisoma miaka mingapi, ninyi wawili?"

"Lakini meno, Tantine. Tazama meno."

"Meno yako pembeni tu. Walitafuna ganda, basi. Ndege mama anabeba maganda na kuyatupa mbali ili nyoka asijue nyumba yake. Panya anaokota, anapata chokaa ya mifupa. Hata kuku wangu wanakula maganda. Mama yako alipokuwa na mimba yako alikula udongo kila siku. Nani alisema ameua kilima?"

Evodie alikuwa tayari kwenye takataka, magoti kwenye majivu, ganda la kenge mkono mmoja, ganda la ndege mkono mwingine. La kenge lilikuwa limepasuka ovyo, njano imekauka ndani kama gundi. La ndege lilikuwa safi, limekatwa vizuri, kama mlango uliofunguliwa na mwenye nyumba.

Kumi na moja. Alivililia viota vitupu, kumbe watoto walikuwa wameondoka.

Kisha akakumbuka neno moja aliloandika Alhamisi, na furaha ikageuka barafu.

Akawasha simu. Jovial hakupatikana. Simu ya Papa Cyrille iliita, ikaita, ikakata. Saa mbili na nusu. Akafunga kopo, akakimbia barabarani bila kilemba, akarukia pikipiki ya kwanza.

"Kwenye maboti. Haraka."

"Mama, unakimbilia boti ao unamukimbia bwana?" motari akauliza.

"Nakimbilia boti ya bwana. Endesha."

Mvua ikaanguka walipofika daraja la Lukuga. Lori la magunia lilikuwa limesimama katikati, dereva wake akibishana na dereva mwingine kuhusu nani arudi nyuma, na watu wametoka kusikiliza kama vile hakuna aliyekuwa na safari. Evodie alipiga tena. Jovial hakupatikana. Alikuwa ameshika kopo kifuani kwa mikono miwili, na kwa kila shimo la barabara alisikia maganda yakigongana, tik, tik, na kuomba yasivunjike. Saa tatu kasoro kumi. Saa tatu kasoro tano. Motari akapenya kati ya lori na ukuta wa daraja, kioo chake cha kushoto kikabaki pale.

Saa tatu na dakika nane walifika ufukweni.

Boti ilikuwa bado ipo.

Kapiteni alikuwa ameinama juu ya mota, akiitukana kwa Kiswahili, kisha kwa Kibembe, kisha kwa Kifaransa, maana lugha moja haikutosha. Buji moja, ile plagi ya kuwashia mota, haimo, akasema. Jana jioni ilikuwamo. Amemtuma mtu sokoni, ameleta isiyoingia, amemrudisha tena. Papa Cyrille alisimama chini ya mwavuli akitazama saa. Na nyuma ya boti, juu ya magunia mawili ya sumu, alikaa Jovial, amelowa mpaka mifupa, mikono mifukoni, kimya kama mtu anayengoja kanisa lianze.

"Papa Cyrille," Evodie akasema akihema. "Nilikosea. Panya hawali mayai. Wanaokota maganda."

Jovial akanyanyua uso.

"Nani amesema?"

"Mama Émérence."

"Yule wa kuku?" Papa Cyrille akashusha mwavuli kidogo. "Evodie, nitaandika nini kwa wafadhili? Mufuga kuku amesema?"

"Papa, wewe ulikulia wapi?"

"Niemba. Kwa nini?"

"Nyumbani kulikuwa na kuku?"

Alimwekea ganda kwenye kiganja. Papa Cyrille akavua miwani, akaifuta mvua, akaivaa. Akaligeuza ganda. Akaingiza ncha ya kidole kidogo, akazungusha taratibu. Wote walimtazama kidole kile. Evodie alisahau kuvuta pumzi, na kapiteni alisahau kutukana.

"Limeanguliwa," Papa Cyrille akasema, kwa sauti ya chini, kama anayeungama. "Mama yangu alikuwa ananituma kila asubuhi kuhesabu vifaranga kwa maganda. Miaka minane naandika ripoti, nimesahau." Akachukua la pili, la tatu. "Hivi kumi na moja ni watoto kumi na moja."

"Ndiyo, Papa."

"Musipande. Murudishe magunia depo." Akafunga mwavuli na kuondoka mvuani, ganda moja bado liko kwenye kiganja.

"Na buji yangu?" kapiteni akauliza ziwa zima.

Jovial alisimama kutoka juu ya sumu. Akatoa mkono wa kulia mfukoni, akaufungua. Buji ilikuwa imelala humo, ina joto.

Kapiteni akaitazama buji, akamtazama Jovial kutoka buti hadi nywele.

"Munatafuta panya kilimani," akasema, "na panya njo huyu."

*

Walikaa chini ya paa la mabati la muuza mafuta, mahali mvua ilipiga kelele kiasi cha kumsaidia mtu asiyejua kusema.

"Ulijua hayakuliwa?" Evodie akauliza.

"Hapana. Nilijua yameliwa. Niliiba buji nikijua panya wangu ana kosa."

"Ungekaa pale mpaka lini?"

"Mpaka wapate buji nyingine. Halafu sijui." Akafuta maji usoni. "Nilipaswa kukuambia, mwezi wa pili, chini ya mwavuli. Niliogopa kuwapoteza wale, halafu nikaogopa kukupoteza wewe, halafu nikawa naogopa hata simu. Nilikosa, Evodie."

"Na mimi niliandika, kama ulivyosema."

"Uliandika unachokijua."

"Niliandika kwa hasira." Akamtazama. "Kuna kingine umenificha?"

Jovial akatazama buti zake.

"Kiko kimoja. Kiko ndani ya kopo."

"Ndani ya kopo kuna maganda."

"Ninyi watu wa ndege munatazama juu tu."

Evodie akafungua kopo. Akahamisha maganda kumi kwenye pindo la kitenge chake, moja moja, na chini yao ikabaki ile karatasi iliyokunjwa mara nne, imeingia unyevu pembeni. Akaikunjua. Mwandiko ulikuwa wa mtu aliyepiga mistari kwa rula kabla ya kuandika.

Kwa Mama Émérence na wazee wote wa familia. Mimi Jovial naomba ruhusa ya kuja kwenu na wazee wangu, kujionyesha na kumuposa Evodie, siku ya

Baada ya hapo hapakuwa na kitu. Juu iliandikwa mwezi wa kwanza.

"Hakuna siku," Evodie akasema.

"Nilikuwa nachagua siku. Halafu nikakuta ganda la kwanza."

"Ukatandikia maganda barua yangu."

"Njo karatasi safi niliyokuwa nayo."

Evodie alitaka kukasirika, akatafuta hasira mahali alipoiacha jana, haikuwepo. Akachomoa kalamu kwenye nywele, ileile iliyoandika neno moja Alhamisi.

"Andika siku."

"Hakuna meza."

Akageuka, akampa mgongo. Blauzi yake ilikuwa imelowa na kubana, maganda kumi yametulia kwenye pindo mbele yake. Jovial akaweka barua kati ya mabega yake, akaishikilia kwa kiganja, na Evodie akahisi kalamu ikianza kutembea, pole, kwa mkandamizo, mstari mmoja mwembamba mgongoni.

"Usitikisike," Jovial akasema.

"Unaandika ao unapima?"

"Nyamaza kidogo, ndege," akasema Jovial akicheka, na kwa mara ya kwanza tangu ubatizo, akalitumia jina lake.